Macho meusi yetu na macho ya buluu ya wageni: nani anaona zaidi?

SukaniYaSakina (Arusha)

Wakuu, wanaostahili shikamoo nawapa, wengine mambo vipi.

Nina ubishi na wenzangu tangu Jumatano, na nyuma ya ubishi kuna jambo ambalo bado sijamwambia mtu nyumbani, kwa hiyo mnivumilie, uzi utakuwa mrefu. Naandika nikiwa Karatu, wageni wameshalala.

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Sakina, mwaka wa 16 huu nipo barabarani. Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, lango la Lodoare, Naabi, Seronera, halafu narudi, halafu tena. Kazi yangu nusu ni usukani, nusu ni macho. Mgeni halipi hela zote zile aje kuangalia nyasi. Nikipita bonde la Seronera inabidi niuone mkia wa chui ukining'inia kwenye mgunga kabla yule dereva wa mbele hajauona, maana akiuona yeye kwanza anasimama pazuri pote na mimi nabaki nawaonyesha wageni wangu mgongo wa gari lake.

Sasa miaka yote hiyo nilikuwa na imani moja ambayo sikuwahi kuihoji: sisi wenye macho meusi tunaona kuliko wenye macho ya buluu. Ushahidi nilikuwa nao tele. Fungua paa pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro saa nne asubuhi, mgeni mwenye macho mepesi anakunja uso kama kalamba ndimu, machozi yanamtoka, anapekua begi zima kutafuta miwani ya jua. Mimi nipo tu, macho wazi. Miwani ya jua sijawahi kununua hata siku moja. Vijana wanaojifunza kazi nilikuwa nawaambia Mungu ametupa tinti ya kuzaliwa nayo, na wao wakawa wanawaambia wenzao.

Jumatano nikaaibika. Tupo Ndutu, jua linaelekea kuzama, nina mama mmoja wa Kinorwe, umri kama wa miaka 65, macho ya buluu mpaka unaona haya kuyatazama, rangi kama maji ya Chemka kule Boma Ng'ombe. Akanigusa bega taratibu akasema kuna duma chini ya ule mti wa tatu. Nikaangalia. Mti, kivuli, basi. Nikachukua darubini. Duma, kalala, kichwa tu kimetokeza. Miaka 16, wakuu.

Usiku kambini nikalisema kwa mzaha, likawa kubwa. Mwenzangu mmoja wa Moshi akadai macho ya buluu yanapitisha mwanga zaidi kwa hiyo jioni na usiku yanaona kuliko yetu, ndiyo maana. Mwingine akasema hapana, ni darubini za bei mbaya walizozoea. Tumewekeana kreti la soda. Naomba mwenye elimu atuamue.

Hilo ndilo la ubishi. Lile jingine ni kwamba kwenye jicho langu la kulia, kwenye weupe upande wa pua, kuna kinyama kinaota. Kilianza kama kidoa cha manjano, nikasema ni vumbi, sasa kimekuwa kama pembetatu na ncha yake imeanza kupanda kwenye duara la kahawia. Kinawasha, na jioni jicho linakuwa jekundu kama nimetoka kilabuni. Kama macho meusi yana tinti, hiki kimetoka wapi?

Na nikiwa hapo hapo: mama yangu yupo Machame, ana miaka 78. Mwaka huu nimeenda nikakuta macho yake yamezungukwa na rangi ya buluu, kama kijivu hivi. Majirani wanasema bibi anageuka Mzungu. Yeye anacheka, mimi sicheki. Nawasilisha.

---

ChaliiWaNgarenaro

Mzee baba umepigwa na bibi wa Kinorwe mbele ya wageni, rudisha leseni hahaha. Swali dogo tu: ulimuuliza amemwonaje?

Halafu kuna dada mmoja saluni ya jirani kavaa lenzi za buluu tangu Krismasi. Anasema anaona vilevile kama zamani. Sema wanaazimana yeye na rafiki yake, leo huyu kesho yule.

---

MiwaniNaMboni (Moshi)

Kaka dereva, nimesoma uzi wako wote. Napima macho hapa Moshi mwaka wa tisa sasa, na hiyo tinti ya kuzaliwa nayo naisikia mezani kwangu kila wiki, hasa kwa wanaume.

Kwanza tuyaite kwa jina lake: macho yako si meusi, ni ya kahawia iliyokolea. Kinachoonekana cheusi kweli ni mboni, ile tundu ya katikati, na hiyo ni nyeusi kwa Mnorwe, kwa Mchagga na kwa Mmasai, kwa sababu unachungulia chumba chenye giza. Lile duara la rangi linaloizunguka linaitwa airisi. Lifikirie kama pazia lenye tundu. Jua likiwa kali pazia linajivuta tundu inakuwa ndogo, giza likiingia tundu inapanuka.

Rangi ya pazia inatokana na melanini, ileile iliyopo kwenye ngozi na nywele. Ukiwa nayo nyingi upande wa mbele wa airisi, unapata kahawia yetu. Ikiwa kidogo sana, unapata buluu. Na hapa ndipo watu hushangaa: ndani ya jicho la buluu hakuna rangi ya buluu hata tone. Mwanga unaingia kwenye nyuzi za airisi, unatawanyika, na ule wa buluu ndio unaorudi nje zaidi, karibu na inavyotokea kwa anga la mchana. Ukiweza kuitoa airisi ya yule mama ukaisaga (Mungu apishie mbali) hupati unga wa buluu. Nyuma ya airisi, yeye na wewe wote mna tabaka jeusi.

Sasa kuona. Uwezo wa kusoma ile chati ukutani unategemea konea, yaani kile kioo cha mbele kabisa, lenzi iliyo nyuma ya mboni, urefu wa jicho lako zima kutoka mbele hadi nyuma, na retina, yaani utando wa nyuma unaopokea picha, pamoja na mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo. Rangi ya pazia haimo. Nimepima wenye macho ya buluu wanaosoma mstari wa 6/6, yaani ule wa macho yanayoona kawaida, na wasiosoma, na sisi hivyo hivyo.

Ulipopatia ni kwenye kukunja uso. Pazia lenye melanini kidogo linapitisha mwanga na kuutawanya ndani, kwa hiyo jua la kreta linawasumbua wao mapema kuliko wewe. Hiyo ni kero ya mwanga. Haimaanishi haoni. Na yule mwenzako wa Moshi naye soda hapati. Gizani sote tunapanua mboni, na mwanga wa kuonea unapita kwenye tundu. Ule unaopenya kwenye pazia unachafua picha tu.

Nije kwenye kinyama, maana hapo ndipo imani yako imekuponza. Wewe ni mtu wa magari. Konea na ule utando mweupe ni kioo cha mbele cha gari. Airisi ipo nyuma yake. Ukiweka tinti nyeusi kuliko zote kwenye madirisha ya nyuma, kioo cha mbele kitapona kokoto za Makuyuni? Mionzi ya jua ile isiyoonekana, upepo na vumbi vinapiga utando wa mbele kabla ya kufika kwenye rangi. Miaka 16 dirisha wazi. Hicho ulichoeleza, pembetatu kutoka upande wa pua inayopanda kwenye konea, ndicho tunachokiona kwa wakulima, wavuvi, bodaboda na madereva wa kazi yako. Si kansa kwa kawaida, lakini kikitambaa hadi karibu na mboni kinaivuta konea, picha inapinda, na hapo wanakikata. Kuna vinyama vingine vinavyofanana nacho ambavyo si vya kuchezea, ndiyo maana kinatazamwa kwa mashine, hakitazamwi kwa picha za simu. Usikiwekee dawa ya duka la dawa yenye steroidi kwa ushauri wa jirani. Wekundu utaondoka, lakini dawa hiyo ikitumika muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho.

Mama yako: chukua tochi ndogo, muangalie vizuri ile rangi ipo wapi. Kama ni pete pembeni, inazunguka duara la kahawia, na katikati mboni ni nyeusi safi, hayo ni mafuta yaliyojikusanya kwenye ukingo wa konea. Kwa umri wake ni kawaida na hayazuii kuona. (Ungekuwa na pete hiyo wewe kabla ya miaka 40 ningekutuma ukapime kolesteroli.) Lakini kama weupe au ukungu upo ndani ya mboni yenyewe, huyo ni mtoto wa jicho, na huyo anatolewa. Wengi wana vyote viwili, na familia ikiiona pete inasema ni uzee, inamwacha.

Chalii, mwambie huyo dada avue hizo lenzi leo. Kuazimana lenzi, kulala nazo, kuziosha kwa maji ya bomba: vijidudu vinaingia kwenye konea, kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe katikati. Nimeona binti wa miaka 22 ana kovu hilo.

Kaka, nina maswali mawili. Una miaka mingapi? Na kwenu kuna mtu aliyekuwa haoni?

---

KofiaYaKibo (Marangu)

Naunga mkono hapo kwenye kioo cha mbele. Mimi napandisha wageni mlimani, nilianza kama mbeba mizigo. Msimu wangu wa pili nilimpa mgeni miwani yangu, ya kwake ilianguka kwenye mawe. Nikajisemea mimi macho yangu ni meusi, hayana shida. Kulikuwa na theluji mpya kuanzia juu ya Kibo Hut, jua limetoka, nyeupe kila upande. Tukafika kileleni, tukashuka, sikusikia kitu chochote. Nilikula vizuri Horombo.

Saa mbili usiku ndiyo yakaanza. Kama mtu kanimwagia pilipili halafu kaongeza mchanga. Siwezi kufumbua, machozi tu, nililia kama mtoto, na wenzangu walidhani nina mapepo. Walinifunga kitambaa, nikashushwa nimeshikwa mkono mpaka lango la Marangu. Siku ya pili yakatulia yenyewe.

Daktari aliniambia konea ilikuwa imeungua jua kama ngozi inavyoungua, theluji inarudisha mpaka asilimia 80 ya ile mionzi, na kule juu hewa ni nyembamba haichuji. Nikamuuliza mbona macho yangu ni meusi. Akaniambia kioo hakina rangi, kaka. Neno lilelile la huyu dada wa miwani.

Siku hizi kijana wangu akija bila miwani simpi mzigo.

---

MwalimuWaPasua (Moshi)

Habari zenu. Nafundisha darasa la tatu na nina ualbino, kwa hiyo rangi ya macho nimejadiliwa nayo tangu nazaliwa. Watu husema macho yetu ni mekundu. Yangu ni ya kahawia hafifu, ya mdogo wangu ni kijivu. Wekundu mnaouona kwenye picha ni mwanga unaorudi kutoka ndani kwa sababu lile tabaka jeusi la nyuma alilolisema dada kwetu ni jepesi.

Nataka kusema kitu kuhusu hili neno "macho mepesi". Nilipokuwa shule ya msingi mwalimu aliamini tatizo langu ni jua tu. Akanikalisha nyuma, kwenye kivuli, mbali na dirisha. Alikuwa na huruma kweli. Nikawa siumii na sioni ubao. Kumbe kwetu melanini ikikosekana jicho linapotengenezwa tumboni, ile sehemu ya katikati ya retina inayoona vitu vidogo haikamiliki, na mishipa ya macho inavukia upande mwingine wa ubongo kuliko ilivyo kwa wengine. Ndiyo maana macho yetu yanachezacheza. Miwani inanisaidia lakini hainifikishi 6/6, na haitanifikisha.

Yule Mnorwe ana melanini kidogo kwenye pazia, ila kiwanda chake cha ndani kilifanya kazi. Mimi kiwanda kilikosa malighafi. Msituchanganye.

Kofia pana, miwani ya jua, na mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yanayotengenezwa hapa hapa Moshi, hayo ndiyo maisha yangu. Ubaoni natumia kidarubini cha kushika kwa mkono. Mwalimu akisoma hapa na ana mtoto mwenye ualbino: dawati la mbele, maandishi makubwa, na kama jua linapiga ubao shusha pazia. Usimpeleke nyuma.

---

MamaBaraka (Himo)

Dada wa miwani samahani naingilia uzi wa kaka. Mwanangu wa pili ana macho ya buluu kabisa, mangavu, yote mawili, na ngozi yake ni nyeusi kama yangu. Ana nywele nyeupe kidogo hapa mbele ya paji. Yamesemwa mengi kuhusu mimi na wazungu wa misheni, nimeyazoea. Ana miaka mitatu. Anaona sindano iliyoanguka sakafuni. Lakini haongei.

---

MiwaniNaMboni (Moshi)

Mama Baraka pole, na usiombe samahani. Mpeleke akapimwe masikio wiki hii, wala usisubiri. Kuna hali ya kurithi ambapo zile seli zinazobeba melanini hazifiki zinakotakiwa kufika mtoto akiwa tumboni: hazifiki kwenye airisi, ndiyo macho yanabaki buluu, hazifiki kwenye kile kishungi cha mbele, ndiyo nywele nyeupe, na wakati mwingine hazifiki kwenye sikio la ndani, ambako nako zina kazi. Macho yake kwa kawaida yanaona vizuri, na umeniambia anaona sindano. Wasiwasi wangu ni kama anasikia. Watu wakishangaa uzuri wa macho wanasahau kupiga makofi nyuma ya mtoto. Na wewe hukukosea na mtu yeyote. Inaweza kutoka kwa mama, kwa baba, au ikaanzia kwa mtoto mwenyewe.

Nikiwa hapo, kwa wazazi wote: mtoto akipigwa picha kwa mwanga wa simu na mboni moja ikang'aa nyeupe wakati nyingine haing'ai, mpeleke hospitali kesho yake. Inaweza kuwa uvimbe wa kansa ndani ya jicho, na ukiwahiwa mtoto anaweza kupona.

---

SukaniYaSakina (Arusha)

Dada nimechelewa kujibu, nilikuwa porini hakuna mtandao.

Nina miaka 47. Na swali la pili limenikalisha. Baba alikufa haoni. Alianza kugonga milango, tukasema ni uzee, akiwa na miaka 58. Akawa anamwaga chai pembeni ya kikombe, tukasema ni pombe. Mpaka anafariki hakuna aliyempeleka popote, maana alikuwa haumwi macho, hayana weupe, ni mazuri tu, meusi. Sisi ndio tulikuwa tunasema macho ya mzee ni mazuri ila hayaoni.

---

MiwaniNaMboni (Moshi)

Pole sana kaka.

Basi sahau kinyama kidogo. Nenda ukapimwe presha ya macho, na waambie kwenye mapokezi baba yako alipofuka. Macho meusi yana pande zake. Kuna kansa ya ndani ya jicho ya watu wazima (si ile ya watoto niliyoitaja) inayowapata zaidi wenye macho ya buluu, kwetu ni adimu sana, hiyo tushukuru. Kwa mtoto wa jicho, utafiti wa Blue Mountains kule Australia ulimkuta zaidi kwa wenye kahawia iliyokolea. Na presha ya macho inapenda watu wenye asili ya Afrika, inaanza mapema, inakimbia. Kule Kongwa, Dodoma, walipopima watu wa vijijini wa miaka 40 na kuendelea walikuta kama 4 kati ya 100 wanayo. Si airisi inayoileta, ni ukoo. Haiumi na haibadilishi sura ya jicho. Inakula pembeni taratibu, na ubongo unaziba lile pengo kwa kubahatisha, kwa hiyo mwenyewe hujui.

Uende na mtu, hutaweza kuendesha siku hiyo.

---

SukaniYaSakina (Arusha)

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita.

Nilienda na kijana wangu wa kidato cha pili. Waliniwekea matone ya kupanua mboni, nikakaa kwenye benchi. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja wa Kizungu, naye katonewa baada yangu. Akaitwa akaingia. Mimi bado. Nesi akaja akanitazama na tochi, akaongeza tone. Nikamuuliza kama dawa imeisha nguvu. Akasema hapana baba, melanini ya macho yako inaikamata dawa kwanza, inaiachia polepole, wenye macho kama yenu tunawawekea mara mbili. Kwa hiyo tinti ipo kweli, ila kazi yake ni kunichelewesha benchi.

Halafu wakaniweka kwenye mashine, unatazama nukta katikati, taa ndogo zinawaka huku na huku, ukiona unabonyeza. Niliingia na majivuno yangu yote. Mtu wa kuona mkia wa chui. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikatoka nikijua nimefaulu. Daktari akanionyesha karatasi. Jicho la kulia, upande wa pua, kuna kipande kimeiva rangi nyeusi. Taa ziliwaka pale na mimi nimekaa natabasamu.

Presha 27 kulia, 24 kushoto, akasema isizidi 21. Mshipa wa nyuma umeanza kuchimbika. Akasema nimewahi, nikatamani aseme mara ya pili, akasema. Nina matone ya kila usiku, maisha yote. Akanitahadharisha kwamba dawa yenyewe inarefusha kope na inaweza kuyageuza macho mepesi ya mtu yakawa ya kahawia, na hayarudi tena. Kwangu, akasema, hakuna atakayeona tofauti. Kinyama kitaangaliwa tena baada ya miezi sita, nimenunua miwani ya jua inayozuia ile mionzi, nimeambiwa nisidanganyike na weusi wa kioo. Ile nyeusi ya barabarani isiyozuia inafungua mboni halafu inakaribisha mionzi ndani.

Mama nimemmulika na tochi kama dada alivyosema. Pete ipo, ya uzee. Na ndani ya mboni ya kushoto kuna ukungu kama chai ya maziwa. Kumbe alikuwa anachambua mchele kwa kupapasa, mjukuu anasema tangu mwaka juzi. Amewekwa kwenye foleni ya upasuaji mwezi ujao. Amekubali kwa sharti kwamba pete ya buluu isitolewe, anasema ameshaizoea.

Chalii, uliuliza kama nilimuuliza yule mama wa Kinorwe. Nilimwandikia. Anahesabu ndege kwao miaka 30. Akanijibu hakumwona duma hata kidogo. Aliona swala tomi kama kumi na wawili wamesimama kimya, wote wamegeuzia nyuso mti wa tatu. Akasema akadhani lazima kuna kitu, duma alimkisia tu. Wakuu, hilo ni somo la kwanza ninalowafundisha vijana. Mwangalie swala, usimtafute simba. Jioni ile nilikuwa natafuta rangi ya duma kwenye kivuli, wala sikuwaona swala.

Kreti la soda tumelinywa wote, hakuna aliyeshinda, ila mimi ndiye niliyelipa.

Kilichobaki ni ndugu zangu. Dada ameshapima, yupo salama. Mdogo wangu alipimwa jana, anarudi wiki ijayo kwa ile mashine ya taa. Kaka yetu mkubwa yupo Machame, ana miaka 55, amegonga nguzo ya geti la ng'ombe mara mbili mwaka huu na hataki kusikia habari za hospitali, anasema macho yake hayaumi. Jumamosi nampitia na gari. Nimemwambia twende Moshi kuangalia pikipiki.

---

ChaliiWaNgarenaro

Mzee baba chukua na kijana, wakikutonea na wewe utarudije? Kaka mkubwa ataendesha?

---

SukaniYaSakina (Arusha)

Mimi zamu hii sitonewi. Ni yeye tu, na bado hajui.